Sayari Tuliyoipa Jina la Ndalu

Vijana wangu wa saiba, mmeniomba niandike namna ya kushinda ule mchezo wa sayari kabla sijausahau. Mmenipa na daftari jipya na kalamu mbili, mkidhani nina maneno ya kumaliza kalamu mbili. Haya, nitaandika. Lakini mtanivumilia nieleze pia habari za woga, kwa maana katika miaka yangu yote ya kazi, Bungoma na Kitale, sijaweza kuutenga woga na ushindi. Mimi ni mwoga. Mke wangu anajua, na ninyi mlijua tangu siku mliponikuta nimechomoa nyaya zote za saiba kwa sababu ya wingu moja. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka, hazina utamu.

Nilianza kazi Bungoma mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika saiba, chumba cha kompyuta za kukodi, kilichokuwa juu ya duka la mbolea. Kompyuta zilikuwa sita. Nne zilifanya kazi, ila hazikuwa nne zile zile kila siku. Aliyenipokea ni Mzee Mukhwana, fundi wa redio aliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa kuzifungua na kuzifunga mpaka zikamzoea. Vifaa vyake vilikaa kwenye kopo la majani ya chai: bisibisi tatu, brashi ya kupakia rangi aliyoitumia kupangusia vumbi, na kifutio cha penseli. Kifutio nilidhani ni cha kufutia maandishi, kumbe ni cha kusugulia meno ya kadi za kumbukumbu kompyuta inapokataa kuwaka. Bado nasema hakuna dawa inayozidi kifutio, na ninyi mnaokimbilia kununua kadi mpya mngejaribu kwanza.

Asubuhi ya kwanza niligusa ubavu wa mashine moja ikanirusha mkono. Nilirudi nyuma hadi ukutani, nikasema kazi hii siiwezi.

"Umeguswa tu, bana," Mzee Mukhwana akacheka. "Hii stima ya ndani inakuonya kwanza. Ya kuogopa ni ile ya huko." Akanyoosha kidole dirishani, upande wa mlima.

Alasiri hiyo nikajua maana yake. Saa tisa ilipokaribia wingu lilishuka kutoka Elgon, na ngurumo ya kwanza ilipopiga mzee alipita meza kwa meza akichomoa plagi, na waya wa simu pia, wateja wakilalamika kwamba barua zao hazijaisha. Dakika chache baadaye radi ilipiga karibu sana, nikasikia harufu ya kuungua. Ilikuwa runinga ya jirani. Tangu siku hiyo nimechomoa nyaya mara nyingi kuliko nilivyosali, na Mungu anajua nasali sana.

Mchezo wenyewe ulikuja kwenye sidii isiyo na jalada, imeandikwa SAYARI kwa kalamu ya wino mzito. Kwa wale ambao hamkuuona: unaanza na meli moja angani na watu mia mbili ambao nchi yao imekwisha. Mbele yako kuna sayari arobaini. Kila zamu unaamua walime, wachimbe, wajenge au wahame. Mpinzani wako naye ana meli yake na watu wake mia mbili. Zamu ya sitini ikifika mchezo unasimama, na mshindi ni yule mwenye watu wengi wanaokula wakashiba. Si aliyeua wengi, na hapo ndipo vijana wengi walipokuwa wakishindwa. Wanatengeneza mizinga, watu wao wanakufa njaa, halafu wanapiga kibodi yangu ngumi.

Mzee Mukhwana alinifundisha mambo mawili. La kwanza, chakula kabla ya kitu kingine chochote, hata kama adui yuko mlangoni. La pili, usiwashushe watu wako wote kwenye sayari moja hata ikiwa nzuri namna gani, wengine wabaki melini. La tatu nililigundua mwenyewe kwa sababu ya tabia yangu. Kila zamu, kabla ya kubonyeza, nilijiuliza ni kitu gani kibaya kabisa kinachoweza kunipata sasa, kisha nikakizuia hicho. Watu walicheza kwa tamaa, mimi nikacheza kwa hofu. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeweza kunifunga pale Bungoma isipokuwa mzee mwenyewe.

Nikahamia Kitale, saiba ya nyuma ya soko, ile ile mnayofanyia kazi leo ingawa sakafu mmeibadilisha. Huko nikapata wateja wawili wa kila Jumamosi. Mmoja ni Mwalimu Barasa, aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi na kusahihisha hata matangazo ya mazishi ukutani. Wa pili ni Kimani, fundi wa simu, ambaye wazazi wake walitoka kati ya nchi wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Hao wawili walikuwa wachezaji, nami nikawa kocha. Walipendana na kutukanana kuanzia saa nne mpaka ngurumo ya alasiri.

Sayari za mchezo zilikuwa na majina ya herufi na tarakimu, na huwezi kumwambia mwenzako kwa haraka apeleke watu kwenye herufi na tarakimu. Kwa hiyo tukazipa majina ya nyumbani. Njia panda ya meli zote, zikiwemo za maji, tukaiita Misikhu. Sayari moja ya mawe na baridi, isiyoota hata jani, Mwalimu Barasa aliiita Bokoli kwa sababu ndiko ninakotoka. Nilimweleza kwamba Bokoli yetu inaota kila kitu, asisikie. Na ile sayari ya katikati, iliyotoa chakula kuliko nyingine zote, tukaiita Ndalu. Kila mtu wa Kitale amekula mahindi ya Ndalu, hivyo jina lilikaa vizuri.

Mwaka wa uchaguzi Mzee Mukhwana alinipigia simu. Alikuwa amefundisha timu, akataka Bungoma na Kitale tukutane kwake. Zawadi ilikuwa jogoo. Msicheke, jogoo wa Bungoma si mchezo, na Mwalimu Barasa alimtaka jogoo huyo kuliko alivyotaka uhamisho.

Tulifanya mazoezi wiki nyingi tukagundua tatizo moja. Upande wa Bungoma ulianza karibu zaidi na Ndalu, kwa hiyo wangefika kwanza kila mara. Nikakaa nikafikiri kwa ile hofu yangu. Kama siwezi kuwazuia kufika, basi wafike. Wafyeke, walime, wajenge maghala, halafu tuichukue ikiwa tayari. Shida ni kwamba watu wa adui ukiwaacha kwenye sayari uliyoitwaa wanageuka waasi na kula chakula bila kufanya kazi. Lazima waondoke. Nikaandika mpango wote kwenye kompyuta, kwa Kiswahili, maana Mwalimu Barasa hakukubali kuchanganya lugha. Juu niliandika kwamba huo ni mpango wa mchezo wa sayari, timu ya Kitale, na kueleza zamu za mwanzo. Sehemu ya chini ilisema hivi:

"Ndalu. Waache walime kwanza. Chakula kikiwa tayari, funga njia ya Misikhu, maji yasipite. Zamu ya arobaini na nne tuingie pande tatu kwa pamoja. Waliopo waondolewe wote, asibaki hata mmoja. Mahali pao tuweke watu wetu."

Mnasoma na mnaona. Mimi niliuandika, nikausoma, nikausahihisha nukta, sikuona kitu. Mtu anayeogopa wingu hakuogopa karatasi ile.

Printa yetu wakati huo ilikuwa imechoka. Nilichapa nakala kadhaa zilizofifia kabla ya kupata tatu safi. Zilizoharibika nikazitia kwenye katoni chini ya kaunta, kama kawaida. Hatukutupa karatasi. Kila Alhamisi alikuja mama mmoja kutoka Ndalu akileta mayai mjini, Mama Njeri, mke wa mkulima. Yeye na mumewe nao asili yao ilikuwa kati ya nchi, lakini watoto wao wote walizaliwa Ndalu. Alichukua karatasi zetu za kufungia mayai, naye akatuachia mayai mawili matatu ya chai ya saa nne. Nami kwa kupenda kazi safi nilimkatia kila karatasi katikati kwa rula, kwa sababu nusu ilitosha mayai mawili. Hakuna aliyenituma kukata. Nilikata kwa sababu nilipenda mama yule asipate taabu.

Hali ya mwaka ule wengine wenu hamkuiona. Watu walikuwa wakikimbia mapigano, wakishuka kutoka mlimani na magodoro na mbuzi, wakilala makanisani. Maneno ya vikaratasi yalizagaa: vimeonekana mahali fulani, vimebandikwa kwenye mti, vinasema familia fulani zitoke. Mara nyingi aliyekuwa akisimulia hakuwa ameviona kwa macho. Wateja wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, na kila mtu alipochapisha kitu alisimama mbele ya printa akiikinga kwa mgongo. Wachezaji wangu peke yao ndio hawakushusha sauti. Jumamosi moja Kimani alipiga meza akapaza sauti, "Hawa wa Ndalu leo lazima watoke!" Mama mmoja aliyekuwa akiandikiwa barua aligeuka akatutazama kwa muda mrefu. Mimi nilicheka nikamwambia ni gemu. Hakucheka.

Tulikwenda Bungoma tukashinda. Bungoma walifika Ndalu, wakalima, wakajenga. Tukafunga Misikhu, na zamu ya arobaini na nne tukaingia pande tatu. Mzee Mukhwana alitazama skrini akatikisa kichwa, akanipa mkono wake wenye makovu ya risasi ya kuchomelea, akasema nimejua kazi. Nilirudi Kitale nikijiona mtu. Jogoo alikaa kwa Mwalimu Barasa siku mbili, ya tatu akaliwa.

Alhamisi iliyofuata Mama Njeri hakuja. Ijumaa Kimani aliingia asubuhi kabla ya wateja, akafunga mlango nyuma yake.

"Simiyu, huko Ndalu kumepatikana karatasi," akasema. "Mama Njeri alikuwa anafungua mayai sokoni, msichana wake akaisoma. Ati watu waachwe walime kwanza. Ati maji yafungwe. Wanasema zamu ni za vijana, ati zamu arobaini na tatu zimeshajipanga, bado moja. Boma tatu zimeanza kufunga vitu."

Aliposema zamu arobaini na tatu nikaivuta katoni kutoka chini ya kaunta.

"Ni yetu," nikasema.

"Najua ni yetu. Si ndio nimekuja?" Kimani akajipangusa uso. "Na mimi ndio nilikuwa napiga kelele hapa ati watoke. Watu wangu mwenyewe, bana."

Tulichoma karatasi zote za katoni nyuma ya choo. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini hapa karatasi iliyoharibika haitoki mlangoni. Ni tangu asubuhi hiyo.

Sasa nitasema jambo ambalo sijalisema. Sikwenda Ndalu siku hiyo. Wala kesho yake. Niliwaza kwamba nikijitokeza nitakuwa mtu aliyeandika kikaratasi cha kufukuza watu, na kwamba hakuna polisi atakayekaa kusikiliza habari za sayari. Niliwaza pia kwamba watu wa Ndalu wenyewe hawatanisubiri nimalize kueleza. Nilikaa siku mbili nikiwafungulia wateja kompyuta, nikijua kuna watoto huko hawalali kwa sababu yangu. Niliona aibu, na aibu haikunisogeza hata hatua moja. Siku ya tatu ndipo Kimani aliponiambia Mama Njeri ameanza kung'oa mabati. Nikachukua nakala moja nzima ya mpango, ile tuliyokuwa nayo Bungoma, nikaenda.

Nilimkuta Baba Njeri juu ya nyumba akiwa na nyundo. Nusu ya paa ilikuwa imetoka. Uani kulikuwa na trela ya trekta, magunia ya mahindi, kuku ndani ya vikapu. Nikapiga hodi, hakuna aliyesema karibu.

"Huyu ni nani?" Baba Njeri akauliza kutoka juu.

"Ni Simiyu wa saiba," Mama Njeri akasema. "Ndio hunipea karatasi."

Baba Njeri akateremka ngazi taratibu, nyundo mkononi. Akatoa mfukoni ile nusu ya chini ya karatasi, iliyokunjwa mara nyingi. "Basi utakuwa unajua. Nani ameandika hii maneno?"

"Ni mimi, Baba Njeri."

Nilidhani ataniponda pale pale. Mama Njeri akaingia katikati yetu. "Wacha aseme kwanza. Mtu mbaya hawezi kuja na miguu yake."

Nikawaonyesha nakala nzima, nikaweka ile nusu yao juu yake, maneno yakalingana. Nikaeleza meli, watu mia mbili, sayari. Baba Njeri alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hii Ndalu iko mbinguni?"

"Iko ndani ya kompyuta."

"Na huko mbinguni kote mlikosa jina ingine?"

Akasema hawezi kuamini kitu ambacho hajaona, kwa hiyo siku hiyo hiyo wakaja nami Kitale, yeye na mkewe, nikawawashia mchezo. Niliwapeleka hadi zamu ya arobaini na nne. Waliona sayari, jina, idadi ya watu pembeni. Nikaingia pande tatu, namba ikashuka, ikasimama kwenye sifuri.

"Wameenda wapi?" Mama Njeri akauliza.

"Wameisha, mama."

"Wameisha aje? Wamekufa ama wamehama?"

"Mchezo hausemi."

"Na wewe hujawahi kuuliza?"

Nilikuwa nimecheza miaka mingi. Nilijua kila sayari inatoa magunia mangapi na kila meli inabeba nini, lakini swali hilo halikuwahi kunijia. Baba Njeri yeye hakungoja jibu, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, mtu aliyekuwa amekaa siku tano na shoka kando ya kitanda. Wateja wakacheka pamoja naye bila kujua wanacheka nini.

Kesho yake nilikwenda kuwasaidia kurudisha mabati. Baba Njeri akanichukua boma kwa boma kwa zile familia nyingine, nikarudia maelezo, wakashusha magunia kwenye matrela. Nilirudi nyumbani na kuku na ndizi. Nilijisikia mwepesi kuliko siku niliposhinda Bungoma. Nilidhani nimerekebisha makosa yangu na mambo yameisha.

Kuanzia hapo Baba Njeri hakuogopa tena. Kila uvumi uliofika Ndalu aliucheka. Wakisema vikaratasi vimeonekana mahali, anajibu, "Hiyo ni ya Simiyu." Ikawa usemi wa kijiji. Mama Njeri alinisimulia huku akicheka, akiweka mayai kaunta, ingawa karatasi zangu hakuzichukua tena na alifunga mayai kwa majani makavu ya migomba. Nilicheka pia. Ndani kulikuwa na kitu kilichonikera, nikakipuuza kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemwondolea mtu hofu, na ni jambo tamu sana.

Tukapiga kura. Siku za kuhesabu zikawa ndefu, kila mtu na redio sikioni. Mimi nilifungua saiba kwa sababu watu walitaka habari, na kila kiti kilikuwa na mtu. Siku moja kabla ya adhuhuri aliingia Mama Njeri. Haikuwa Alhamisi na hakuwa na mayai. Alikuja moja kwa moja hadi kaunta, akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi.

"Simiyu," akasema polepole, "hii nayo ni ya mchezo yenu?"

Niliichukua. Ilikuwa nzima, haikukatwa. Haikuwa na zamu wala njia wala meli. Ilikuwa na majina manne ya wenye boma, la Baba Njeri likiwa la kwanza, na chini yake siku walizopewa. Zilikuwa mbili.

"Mmeipata lini?"

"Jana. Ilikuwa imewekewa jiwe mlangoni. Mimi nimetaka tutoke, Baba Njeri amekataa. Amecheka. Amesema hawezi toa mabati mara ya pili juu ya gemu ya watu wa Kitale." Akanikazia macho. "Angalia vizuri. Pengine ni ile yenu ya zamani mmeandika upya."

Nilitazama tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikuwa natafuta muda. Watu wote walikuwa wametazama skrini zao na hakuna aliyekuwa akibonyeza kitu. Yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye aliyeichapa, na wakati ule mtu aliyeonekana akiwaambia watu wakimbie naye alihesabiwa kuwa wa upande wao. Nikiri hapa: neno la kusema ndiyo lilikuwa mdomoni. Ningesema ni yetu, mama angeshusha pumzi, angerudi nyumbani, nami ningebaki salama nyuma ya kaunta yangu.

"Mama, si yetu," nikasema.

Nikatoa simu nikampigia mumewe.

"Simiyu!" akaitika kwa furaha. "Mmeanza tena? Leo nani anashinda?"

"Baba Njeri, hii si mchezo."

"Aje?"

"Nasema hii karatasi si mchezo!"

"Sisikii, netiwaki ni mbaya huku."

Nikasimama. Nilikuwa nimeongea kwa kunong'ona, na kunong'ona hakukufika Ndalu. Ilibidi nichague. Nikajaza kifua, nikapiga kelele katika chumba kile kilichojaa watu: "Baba Njeri, toka! Toka leo, na watoto! Wacha mabati, toka!"

Baba Njeri akasema, bila kicheko, "Wewe ulikuja hapa kwangu ukanipigia misumari. Ukaniambia nikae. Sasa nitajuaje ni gani ya kweli?"

"Ile nilikuja nikakwambia ni mimi nimeandika," nikasema kwa sauti ile ile. "Hii sijui ni nani. Sijui, Baba Njeri! Toka!"

Akakata simu. Kwenye kompyuta ya nne mwanamume mmoja aliinuka, akaniangalia usoni, akatoka bila kufunga alichokuwa akisoma. Sikumfahamu. Sijawahi kumfahamu, na kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu kila mlango ulipofunguliwa nilitazama kwanza kama ni yeye. Mama Njeri alikuwa ameshaondoka, akikimbia kuelekea stendi na leso mkononi.

Siku tatu sikujua lolote. Vurugu zilipoanza nilifunga saiba kama kila mtu alivyofunga. Niliketi nyumbani na mke wangu, tukisikia kelele za mbali na kuona moshi upande wa mashamba. Nilikuwa nikihesabu: trekta ya kukodi, saa ngapi hadi barabara kuu, watoto wanne. Halafu Kimani akatuma ujumbe kwamba wako uwanja wa kanisa, wote sita. Walitoka alasiri ile ile, mabati wakayaacha. Nyumba ilichomwa kesho yake asubuhi, na boma mbili kati ya zile nyingine pia. Watu wa boma ya nne hawakutoka kwa wakati. Hao nao niliwahi kuwasaidia kushusha magunia kwenye trela, na mzee wao alinipa ndizi. Alizikwa mwezi uliofuata.

Mlitaka kujua Ndalu inashikwaje. Sasa mnajua, na ule mchezo sikuucheza tena baada ya mwaka huo, ingawa niliendelea kuwawekea wateja walioutaka. Anayeshinda ni yule anayelisha wengi, na kifutio husafisha kadi, na plagi zitolewe ngurumo ya kwanza. Mengine ninyi mtajifunza.

Niliwaendea pale kanisani na blanketi na unga. Baba Njeri alikuwa amelala chini ya turubai, ameupa ulimwengu mgongo, hakugeuka niliposalimia. Mama Njeri alipokea unga, akauweka chini, akanikalisha juu ya debe lililopinduliwa. Tukawatazama watoto wake wakipanga foleni ya uji.

"Siku ile, Simiyu," akasema, "nilitaka sana useme ni ya mchezo."

"Najua, mama," nikamjibu. "Na mimi nilitaka."